Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Majimbo na Wenye Majengo ya Apatimenti Marekani: Tutozeni Uharibifu, Msitutoze Paka

Waheshimiwa wabunge wa mabunge ya majimbo, nanyi wamiliki na mameneja wa majengo ya kupangisha,

Nawaandikia kuhusu kifungu kimoja kilichoenea katika mikataba ya apatimenti za nchi hii. Kifungu hicho kinasema kwamba mpangaji mwenye mbwa au paka atalipa, juu ya kodi ya nyumba, kodi nyingine ya kila mwezi kwa ajili ya mnyama wake. Kabla ya kufikia hapo huwa ameshatozwa ada ya kumwingiza mnyama, ambayo hairudishwi. Wapo pia wanaodaiwa amana ya ziada. Malipo matatu kwa mnyama mmoja, na ukiuliza sababu ya kila moja unapewa jibu lilelile: huenda akaharibu kitu.

Ombi langu naliweka hapa mwanzoni ili lisipotelee katika maelezo. Mpangaji alipe uharibifu uliotokea na kuthibitishwa, kwa gharama halisi ya kuutengeneza. Kinachozidi hapo ni kupandisha kodi ya nyumba kwa mlango wa nyuma, na ninawaomba mkifute.

Mimi ni mpangaji, na ninafuga paka. Mkataba wangu ulipokaribia kwisha nilikwenda ofisini nikauliza fedha ya paka ya kila mwezi inafanya kazi gani. Kijana aliyekuwa mezani alinijibu kwa adabu kwamba hiyo ni sera ya kampuni. Simlaumu, hakuwa na jibu la kunipa. Hakuna usafi wa ziada unaofanywa kwangu, hakuna fundi anayekuja, hakuna akaunti ambamo fedha hiyo inawekwa kungoja siku nitakayohama. Inaingia katika mapato kama kodi nyingine yoyote. Na siku nikiondoka, zulia likikutwa limechanwa, nitakatwa kwenye amana kana kwamba miaka yote hiyo sikuwa nimelipa hata senti.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yetu. Amana tunaielewa na hatuipingi. Ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwa mwenye nyumba. Nyumba ikirudishwa salama nayo inarudi, ikirudishwa na kasoro inakatwa kwa kiasi cha kasoro. Kila upande una sababu ya kuwa mwangalifu. Kodi ya mnyama haina uadilifu huo. Anayemfundisha mbwa wake, akamtembeza asubuhi na jioni, akasugua sakafu kila wiki, analipa sawasawa na yule anayemwacha mbwa atafune milango. Tena fedha hiyo haina kikomo. Uharibifu una bei yake, na bei hiyo hufika mwisho. Kodi ya kila mwezi inaendelea hata baada ya kuzidi thamani ya zulia zima.

Tupige hesabu kwa kutumia jimbo ambalo angalau limejaribu kuweka mpaka. Colorado ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2024. Sheria hiyo inasema amana ya mnyama isizidi dola 300 na lazima irudishwe, na kodi ya mnyama isizidi dola 35 kwa mwezi au asilimia 1.5 ya kodi ya nyumba, kile kilicho kikubwa zaidi. Naipongeza Colorado, kwa sababu mahali pengi hakuna mpaka wowote. Lakini hata chini ya ulinzi huo, mpangaji anayekaa miaka mitatu anaweza kulipa dola 1,260 za kodi ya mnyama asizoziona tena, hata kama hakuacha mkwaruzo mmoja. Jimbo linalomlinda mpangaji kuliko mengi limefika hapo tu. Mahali ambapo hakuna sheria, kila jengo linajipangia, na paka wawili wanaolala kwenye zulia moja wanaweza kuhesabiwa mara mbili.

Najua wenye majengo watasema: wewe hujawahi kuingia katika nyumba iliyoachwa na mtu mwenye paka watano. Ni kweli kwamba uharibifu wa wanyama si hadithi. Mkojo wa paka ukishapenya zulia na sponji yake ukafika kwenye mbao za chini, kuosha hakusaidii. Zulia linang'olewa, mbao zinapakwa dawa ya kuziba harufu, wakati mwingine zinabadilishwa kabisa. Mbwa mwenye hofu ya kubaki peke yake anaweza kumaliza fremu ya mlango kwa alasiri moja. Mwenye nyumba mdogo, aliyepangisha ghorofa ya juu ya nyumba anayoishi mwenyewe, anaweza kuumizwa sana na tukio moja la namna hiyo, na sitaki sheria inayomwacha mtu huyo bila kinga.

Ila kinga anayo. Anayo amana. Anayo haki ya kudai mpangaji alipe kilichozidi amana. Anaweza kupiga picha kila chumba siku ya kuingia na siku ya kutoka. Anaweza kuomba rejea kutoka kwa mwenye nyumba wa awali, na kumtaka mpangaji awe na bima ya dhima, yaani ya kulipia hasara anayomsababishia mtu mwingine. Zote hizo zinalenga uharibifu wenyewe. Kodi ya kila mwezi hailengi uharibifu. Inamlenga mtu kwa kuwa anapenda mnyama na hawezi kumwacha, na kwa kuwa anayetoza anajua hilo.

Tena kanuni ninayoiomba si mgeni katika majengo yenu. Sheria ya haki ya makazi ya mwaka 1968 ilipanuliwa mwaka 1988 ili kuwalinda watu wenye ulemavu. Chini yake, mbwa anayemwongoza kipofu hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa kwa starehe, na mwenye jengo haruhusiwi kumtoza mtu huyo ada ya mnyama. Mbwa huyo akivunja kitu, mwenye jengo anadai gharama ya kile kilichovunjika. Majengo yameishi na utaratibu huo kwa miaka mingi, hayakuanguka na wenye nayo hawakufilisika. Mbwa huyo ana kucha na manyoya kama mbwa mwingine yeyote. Ikiwa kwake inawezekana kungoja uharibifu utokee ndipo udaiwe, kwangu inashindikana kwa sababu gani?

Mabadiliko hayohayo ya 1988 yaliwalinda pia wapangaji wenye watoto, maana hadi wakati huo majengo mengi yalikuwa yakiwakataa waziwazi. Watoto huchora ukutani, humwaga maziwa, hugonga milango kwa baiskeli. Simlinganishi mtoto na paka. Nasema tu kwamba nchi hii ilishawahi kukataa hoja ya kwamba anayeweza kuchafua nyumba akae mbali nayo, na wenye majengo wakajifunza kudai gharama pale tu kitu kinapoharibika kweli.

Sasa tuiangalie kodi hii ya mnyama katika hali ya jumla ya wapangaji, maana haituangukii peke yake. Kituo cha utafiti wa makazi cha Chuo Kikuu cha Harvard, kwa takwimu za mwaka 2022, kilihesabu kaya milioni 22.4 za wapangaji zilizokuwa zikitumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato chao kwa kodi na huduma za nyumba kama umeme. Hiyo ni nusu ya kaya zote za wapangaji nchini. Kati yake, kaya milioni 12.1 zilitumia zaidi ya nusu ya kipato. Na kipimo cha asilimia 30 kina historia katika sheria zenu: kwa nyumba za umma Bunge la nchi liliweka asilimia 25 mwaka 1969, kisha likapandisha hadi 30 mwaka 1981. Watu hawa ndio wanaoambiwa waongeze dola 35, au 50, au zaidi, kwa ajili ya paka aliyelala dirishani.

Na kodi ya mnyama huja na ndugu zake. Kuna ada ya kuomba nyumba, ambayo unailipa hata ukinyimwa. Kuna ada ya kushughulikia faili lako. Kuna ada ya mtu wa kuchukua taka mlangoni, hata kama miguu yako inakufikisha kwenye pipa. Kuna ada ya kabati la vifurushi, ada ya dawa ya wadudu, ada ya intaneti ambayo hukuichagua, ada ya kulipa kodi kwa mtandao. Haba na haba hujaza kibaba, na tangazo lililokuvuta halikuitaja hata moja. Unakuja kuijua jumla ukiwa umeshalipa maombi na umeshampa mwenye nyumba wa zamani taarifa ya kuhama. Kurudi nyuma huwezi tena.

Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara pamoja na jimbo la Colorado walifungua kesi dhidi ya Greystar, kampuni kubwa kuliko zote nchini katika kusimamia apatimenti, wakidai kwamba ilitangaza bei zisizojumuisha ada za lazima. Mahakama ni njia moja. Lakini tume hiyohiyo ilipotoa kanuni yake ya kupambana na ada zilizofichwa, iliyoanza kutumika Mei 2025, iliishia kwenye tiketi za maonyesho na malazi ya muda mfupi. Rasimu ya awali ya mwaka 2023 ilikuwa imegusa biashara nyingi, nyumba za kupanga zikiwemo. Toleo la mwisho likaziacha nje. Matokeo yake ni kwamba anayelala hotelini usiku mmoja lazima aonyeshwe bei kamili tangu mwanzo, ila anayetia sahihi mkataba wa mwaka mzima hana haki hiyo kwa kanuni hiyo. Pengo hilo limebaki mikononi mwa majimbo. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi wabunge wa majimbo.

Kuna jambo jingine ambalo huenda halijawafikia. Ipo mikataba inayosema kwamba fedha yoyote atakayolipa mpangaji itakata ada kwanza, kodi ya nyumba baadaye. Mtu akibishania dola 35 za paka na asizilipe, akalipa kodi yake yote, hesabu itaonyesha amepungukiwa kodi dola 35. Anaongezewa faini ya kuchelewa. Mwezi unaofuata ile faini nayo inakula kodi. Hivyo mgogoro wa paka unageuka deni la kodi, na deni la kodi ndilo linalompeleka mtu mahakamani kufukuzwa, na rekodi ya kesi hiyo inamfuata kila anakoomba nyumba. Sheria iseme wazi kwamba fedha ya mpangaji inalipa kodi kwanza. Ni sentensi moja tu, na inaweza kuokoa watu wengi.

Bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu alifuga mbwa mdogo, mzee kama yeye. Kodi ilipopanda, na ya mbwa ikapanda nayo, alimpeleka kwa kituo cha kuhifadhi wanyama kwa sababu kipato chake hakiongezeki. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Aliendelea kutoka nje saa zilezile alizokuwa akimtembeza. Nalisema hili kwa sababu mkiwa kwenye meza ya bajeti, ada ya dola 35 huonekana kitu kidogo, na kwa mtu aliyebakiwa na kiumbe mmoja wa kuzungumza naye, kitu hicho kidogo kinaamua kama atabaki naye au la.

Mnajua vizuri uzito wa uhusiano huo, kwa kuwa uliwahi kuilazimisha nchi ibadili sheria. Wakati wa kimbunga Katrina mwaka 2005, watu wengi walikataa kuondoka majumbani kwa kuwa waliambiwa wawaache wanyama wao. Mwaka uliofuata Bunge la nchi lilipitisha sheria ya kuzitaka serikali za majimbo na miji ziwahesabu wenye wanyama katika mipango ya kuhamisha watu wakati wa maafa. Maji yakipanda, sheria inatambua kwamba mtu hamwachi mbwa wake. Kodi ikipanda, mtu huyohuyo anaambiwa mbwa ni anasa, ailipie.

Na wanaoshindwa kulipa si wote wanaowaacha wanyama wao. Wengine huwaficha. Mpangaji aliyeficha mbwa hatoi taarifa bomba la jikoni linapovuja, kwa sababu fundi akiingia atamwona. Anaweka ndoo na kusubiri. Sakafu inaoza polepole, na gharama yake ni kubwa kuliko kodi ya mbwa ya miaka kadhaa. Wenye majengo, hili lifikirieni kama wafanyabiashara: ada mliyoiweka kulinda nyumba inamfundisha mpangaji kuwaficha hali ya nyumba. Aidha mtu mwenye mnyama akipata mahali anapokubaliwa bila kukamuliwa hana haraka ya kuhama, na ninyi mnajua hasara ya chumba kinachokaa kitupu miezi miwili.

Wapo watakaosema haiwezekani kuendesha majengo bila ada hizi. Mbona kwingine inawezekana? Ufaransa, tangu sheria ya Julai 1970, kifungu cha mkataba kinachomkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani ni batili, isipokuwa kwa mbwa walioainishwa kuwa hatari. Ontario, Kanada, nayo inabatilisha vifungu vya kukataza wanyama, na zaidi ya hapo hairuhusu amana ya uharibifu. Mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya mwezi wa mwisho tu, na mnyama akiharibu au akisumbua majirani anapeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi. Toronto bado ina maghorofa na bado yanajengwa. Hapa nyumbani, Massachusetts inamruhusu mwenye nyumba adai vitu vinne tu mpangaji anapoingia: kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kufuli jipya. California haitambui amana isiyorudishwa, na tangu Julai 2024 amana zote kwa pamoja, ya mnyama ikiwemo, hazipaswi kuzidi kodi ya mwezi mmoja, isipokuwa kwa baadhi ya wamiliki wadogo wanaoruhusiwa miezi miwili.

Uingereza inatupa funzo ambalo nawasihi mlizingatie kabla ya kuandika muswada. Mwaka 2019 sheria ya England ilipiga marufuku ada nyingi za wapangaji na ikaweka kikomo cha amana, wiki tano za kodi kwa nyumba nyingi. Nia ilikuwa njema. Lakini amana ya ziada ya mnyama ilipozuiwa, baadhi ya wenye nyumba wakaanza kudai kodi kubwa zaidi ya kila mwezi kwa mwenye mnyama. Kwa hiyo mkifuta ada ya kuingia na kuiacha kodi ya mwezi, mtakuwa mmehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile. Fungeni yote mawili katika muswada mmoja.

Katika majimbo yenye kikomo cha kupandisha kodi, kama Oregon na California ambazo zote ziliweka sheria zao mwaka 2019, ongezeni kifungu kwamba kila ada ya lazima inahesabiwa kuwa sehemu ya kodi. Bila hivyo kikomo hakina maana. Kodi itapanda kwa asilimia iliyoruhusiwa na ada zitapanda kwa asilimia wanayotaka. Mnyama aliyekubaliwa mkataba ulipoanza asitozwe ada mpya mkataba unapoongezwa. Kama kuna huduma halisi, kwa mfano ua uliozungushiwa uzio kwa ajili ya mbwa, itajwe, iwekewe bei, na asiyeitumia asiilipie. Paka wangu hajawahi kutoka nje ya mlango. Makato yoyote ya amana yaambatane na picha na risiti, na umri wa zulia uhesabiwe, maana zulia la miaka tisa halina bei ya zulia jipya.

Nanyi wenye majengo hamhitaji kungoja bunge likutane. Mnaweza kuandika bei kamili kwenye tangazo la wiki hii. Mnaweza kuondoa kodi ya mnyama kwa mpangaji aliyekaa mwaka mmoja bila lalamiko lolote. Mnaweza kuwapa mameneja wenu ruhusa ya kumjibu mpangaji anayeuliza fedha yake inafanya nini, na jibu likikosekana, mrudishieni.

Waheshimiwa wabunge, naomba kila mmoja wenu, kabla ya kikao kijacho, aombe nakala ya mkataba kutoka kwa mpangaji mmoja wa jimboni kwake, ausome hadi ukurasa wa viambatisho ambako ada huandikwa kwa herufi ndogo, kisha ajumlishe mwenyewe. Baada ya hapo nijibuni hadharani, kama nilivyowaandikia hadharani: ni nani kati yenu atakayeupeleka muswada huu, na lini.

Wenu kwa heshima,

Mpangaji